Hewa ya ndani uitoeje: feni ya ukutani, dakti ya pamoja au mashine ya kurudisha ubaridi?

Swali huwa linakuja hivi: mtu anajenga fleti au ki-guest chake Kigamboni, Nyali au huko Fumba, kila chumba kina AC na bafu lake ndani. Fundi umeme anamwambia weka feni za ukutani inatosha, mhandisi anataka ipigwe dakti moja (bomba kubwa la kupitishia hewa) mpaka juu ya paa, halafu kuna muuzaji kashapita na katalogi anasema mashine yake inarudisha asilimia 80 ya kinachopotea na hewa inayotoka. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi na wote watatu wanaweza kukutia hasara, maana jibu linategemea vitu viwili tu, hewa unayoitoa imebeba nini, na huko nje kukoje.

Kama unajenga Nairobi, Arusha, Mbeya au Kigali, upande wa umeme haukuhusu sana, hewa ya nje kwenu ni ya kufungulia dirisha na maisha yakaendelea, nyie someni ya usalama tu. Hapa naongelea zaidi pwani, kule ambako mwezi wa pili ukitoka nje ya chumba chenye AC miwani inapata ukungu.

Tuanze na AC yenyewe, kwa sababu wengi wanadhani inaleta hewa mpya. Split ya kawaida haiingizi hewa ya nje hata kidogo, boksi la nje na la ndani vimeunganishwa na mabomba ya gesi na waya basi, hewa ya chumbani ni ileile inazungushwa na kupozwa. Kwa hiyo kinachoamua hewa mpya iingie kiasi gani ni feni ya kutolea hewa, ile mafundi wanaita egzosti, ya bafuni au jikoni. Ikitoa lita moja, lita nyingine lazima iingie kutoka nje, kama hujaitengenezea njia itajitafutia yenyewe, chini ya mlango, pembeni ya dirisha la alumini, kwenye tundu la bomba la AC ambalo fundi hakuziba.

Na ile lita inayoingia ina gharama. Chukua mchana wa Dar, nje digrii 32 na unyevu asilimia 65, ndani umeweka 24 na unyevu uko kama 55. Kila kilo ya hewa ya nje inakuja na nishati zaidi ya ile ya ndani kwa kama kilojuli 32, na kwenye hizo 32, nane tu ndo joto unalolisikia kwenye ngozi, 24 zote ni mvuke ambao AC lazima iugeuze kuwa maji ndo yadondoke kwenye kile kibomba cha nje. Yani robo tatu ya kazi ni kukausha, siyo kupoza. Shika hii namba, ndo itakayokusaidia muuzaji akifungua katalogi.

Sasa feni ya bafuni ya lita 25 kwa sekunde, ambayo ndo kiwango cha bafu la nyumbani kwenye mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa AC na hewa cha Marekani, kwa feni ya kuwasha na kuzima, ikivuta hewa kutoka chumba chenye AC inaipa AC kazi ya kama kilowati 0.9 mchana na 0.6 na kitu usiku. Kwa AC inayotoa ubaridi kilowati tatu kwa kila moja ya umeme, ukiacha feni inazunguka saa 24 na AC iko on, unakula kama uniti 6 kwa siku kwa bafu moja tu. Feni yenyewe ya wati 20 haimalizi hata nusu uniti. Uniti ikiwa karibu sh 350 za Tanzania hiyo ni sh 2,100 kwa siku, zidisha kwa vyumba kumi uone. Watu wanahangaika kununua feni ya wati chache wakati mlaji hayuko kwenye feni.

Kabla ya mashine yoyote, ijue hewa yako. Mwongozo mwingine wa ASHRAE unagawa hewa inayotoka kwenye madaraja manne na mi naona hii ndo sehemu inayorukwa kuliko zote. Daraja la kwanza ni ya ofisini na darasani, watu wamekaa wanapumua tu. La pili ni vyoo na mabafu, sehemu za kulia chakula, ina harufu ila siyo sumu. La tatu lina hudi za jikoni za nyumbani, yani zile kofia za kuvuta moshi juu ya jiko. La nne ni mafuta ya jikoni la hoteli, moshi wa rangi ya kupulizia, kemikali za maabara. Mdomo wa kutolea hewa ya daraja la pili unatakiwa ukae angalau mita 3 kutoka pale jengo linapovuta hewa yake, la tatu mita 5, la nne mita 10. Ukitembea uchochoroni nyuma ya majengo mengi ya mjini utakuta mdomo wa jiko uko dirishani kwa mtu wa juu, kwa hiyo uliyemtoa kwako moshi umempelekea jirani, na kama dirisha hilo ni lako mwenyewe basi umejirudishia.

Sasa feni ya ukutani na dakti ya pamoja, hizi mbili ndo zinagombaniwa zaidi kwenye majengo yetu.

Feni ya ukutani ni rahisi kwa bei, fundi yeyote anaifunga, ikifa inakufa peke yake, chumba namba 4 hakina feni ila wengine wanaendelea. Njia yake ni fupi, ukuta tu, kwa hiyo hakuna dakti ya kusafisha na moto hauna pa kupandia. Ubaya wake ni upepo. Ukuta unaoupokea kusi moja kwa moja unaizidi nguvu kifeni kidogo, unakisikia kinaunguruma na hewa haitoki, au ikizimwa upepo unarudi ndani na harufu yake, ndo maana ile yenye mapezi ya kujifunga nje ni lazima siyo urembo. Kama unaweza kuchagua, toa hewa upande ambao upepo haupigi.

Dakti ya pamoja ina sura mbili na watu huwa wanazichanganya. Moja, kila bafu lina kifeni chake kinachosukuma hewa ndani ya shimo moja linalopanda mpaka juu. Nyingine, mabafu yana matundu tu, na feni moja kubwa iko juu ya paa inavuta kutoka kwa wote. Ya kwanza siipendi kabisa. Vifeni vinasukuma, maana yake shimo lina presha, na presha inatafuta upenyo, kwa hiyo wa ghorofa ya pili akiwasha yake akikaanga dagaa, wa ghorofa ya nne ambaye kipezi chake kimekwama wazi anajua leo jirani anakula nini. Ya pili shimo liko kwenye mvuto, panapovuja hewa inaingia shimoni badala ya kutoka, harufu haihami. Shida yake ni umeme ukikatika, feni ya juu ikisimama shimo linakuwa njia ya kila kitu, na bila kupimwa vizuri fleti za juu zinavutwa sana, za chini hazivutwi.

Halafu moto. Shimo linalounganisha ghorofa tano ni bomba la moshi likisubiri siku yake, likijengwa kwa plastiki ndo kabisa, litayeyuka. Bomba la bati, na pale kila tawi linapoingia shimoni kuwe na dampa, kile kifuniko cha ndani ya bomba, ya kujifunga kwenye moto au angalau lile tawi lipindwe kwenda juu ndani ya shimo kabla ya kumwaga hewa. Na jiko lisiwekwe kwenye shimo la mabafu, hata iweje.

Kuna kisa cha kweli ambacho kila anayefunga feni ya bafuni angekijua. Mwaka 2003 Hong Kong, kwenye fleti za Amoy Gardens, ugonjwa wa SARS uliwapata wakazi zaidi ya 300 na 42 wakafa. Wachunguzi walikuta vile vitundu vya maji sakafuni bafuni, vyenye kona ya bomba inayotakiwa ikae na maji muda wote ili izibe hewa ya chooni, vingi vilikuwa vimekauka. Watu walikuwa wanapiga deki tu hawamwagi maji. Feni ya bafuni ikiwashwa mlango umefungwa, inavuta hewa popote inapoweza, na upenyo rahisi ulikuwa ni bomba la maji machafu. Kwa hiyo matone yenye virusi yalipanda kwenye bomba yakaingia bafuni, feni ikayatoa kwenye nafasi nyembamba iliyo wazi kati ya fleti, na hapo yakapanda kwenye madirisha ya wengine. Feni kubwa zaidi ingefanya mambo yawe mabaya zaidi. Dawa yake haina gharama, kindoo cha maji kwenye kitundu cha sakafu kila wiki kwa vyumba visivyotumika, na uache nafasi chini ya mlango ili feni ivute kutoka chumbani badala ya chooni. Wenye guest zinazokaa tupu miezi ya masika hii ni yenu kabisa.

Hiyo tabia ya feni ya kuvuta popote ndo inaua pia kwenye gesi. Hita ya maji ya gesi ya papo kwa papo ikifungwa ndani ya bafu, ambayo kuna nyumba nyingi Kenya utazikuta hivyo, halafu ukaongeza feni kwa nia njema, feni inaweza kuushinda ule moshi unaotaka kupanda kwenye bomba lake, ukarudi ndani. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, mtu anaoga anasikia kizunguzungu anakaa chini, basi. Jiko la mkaa vilevile, kwenye chumba kilichofungwa feni siyo kinga. Kati ya kuongeza feni na kuihamishia hita nje ya nyumba, hamishia nje, hapa sina "inategemea".

Na gesi ya mtungi ikivuja yenyewe bila kuwaka ni nzito kuliko hewa, inalala chini, kwa hiyo feni iliyofungwa juu karibu na silingi haikusaidii kitu na swichi yake ndo inaweza kutoa cheche. Tundu la chini ukutani, wazi, bila feni, linafanya kazi kuliko feni ya laki mbili.

Turudi kwenye hela kidogo, bado kwenye mabafu. Ule mwongozo wa kwanza, wa bafu la nyumbani, unasema lita 25 kwa feni ya kuwasha na kuzima, au lita 10 kama inazunguka siku nzima. Hesabu: 10 kwa saa 24 ni 240, 25 kwa jumla ya saa nne kwa siku ni 100. Kwa hiyo feni yenye taima, inayoendelea dakika ishirini baada ya mtu kuzima taa, inatoa chini ya nusu ya hewa uliyoilipia kuipoza. Taima ni kitu cha bei ndogo na ndo uwekezaji unaorudi haraka kuliko kingine chochote nitakachokitaja humu. Lakini chumba kisicho na upenyo mwingine wowote, watu wawili wanalala humo AC imewashwa na madirisha yamefungwa usiku kucha, kinahitaji ile ya polepole ya lita 10, la sivyo asubuhi kichwa kizito. Mi kwa chumba cha kulala nachagua polepole usiku, taima mchana.

Bafu lenye dirisha la nje lina ujanja wake, fungua dirisha, funga mlango wa chumbani, feni itavuta kutoka dirishani na ubaridi wa chumba hauguswi. Taulo litakauka polepole kwa sababu hewa ya nje ya pwani nayo ni mvuke mtupu, ila AC yako haitalipia.

Na usivute sana. Feni ikivuta kuliko hewa inavyopata njia, jengo zima linakuwa na mvuto ndani, hewa ya unyevu inapenya kwenye kuta inakutana na jipsamu iliyopoa, inatoa maji, baada ya miezi unaona madoa meusi ya fangasi nyuma ya kabati. Hoteli za Florida zilihangaika na hili miaka mingi, mabafu yanavutwa mchana kutwa, kuta zimebandikwa karatasi za vinili, nyuma ya karatasi kuvu tupu. Hali ya hewa ya Florida wakati wa kiangazi na ya kwetu hazipishani sana, na sisi wengine tumeshaanza kubandika hizo karatasi.

Jikoni hudi ni mbili, inayotoa nje na inayozungusha hewa kupitia filta ya mkaa halafu inairudisha palepale. Ya kuzungusha inasifiwa kwamba haipotezi ubaridi, kweli haipotezi, ila haitoi joto, haitoi mvuke, haitoi kaboni monoksidi, inapunguza harufu na mafuta kidogo mpaka filta ichoke. Kwa jiko la umeme kwenye fleti ndogo sawa. Kwa gesi, ya kutoa nje, kama lita 50 kwa sekunde, unawasha wakati unapika unazima ukimaliza, ukifungua dirisha la jikoni na kufunga mlango wa sebuleni huo ubaridi haupotei kiasi cha kulalamikia.

Jiko la biashara ni habari tofauti na hapo usalama unatangulia umeme kwa mbali. Mafuta yanaganda ndani ya dakti, siku mwali ukiruka kutoka kwenye kikaango unaingia kwenye mafuta ya miezi na dakti inawaka kwa ndani mpaka paani. Kanuni za Marekani za kuzuia moto kwenye majiko ya biashara, NFPA 96, ambazo wahandisi wengi duniani wanazifuata, zinataka jiko la mkaa au kuni dakti yake ikaguliwe kila mwezi, jiko linalokaanga kutwa kila miezi mitatu, la kawaida kila miezi sita. Na dakti ya mkaa isiunganishwe na ya majiko mengine, kwa sababu ya cheche. Mwenye sehemu ya nyama choma anayetaka kuchomeka jiko lake kwenye dakti ya jiko kuu ili kubana bajeti, asifanye hivyo. Ukitaka kuokoa umeme jikoni, punguza spidi ya feni saa ambazo hakuna wapishi wengi. Feni ikizunguka kwa asilimia 80 ya spidi inakula karibu nusu ya umeme, ikizunguka nusu inakula moja ya nane, hesabu za feni ziko hivyo. Ila isiende taratibu mpaka mafuta yaanze kutulia ndani ya bomba.

Sheria hiyohiyo ya spidi ndo inafanya sensa za kaboni monoksidi kwenye maegesho ya chini zilipe, feni zinatulia mpaka magari yaje. Na jenereta, jamani, moshi wa jenereta usiwe karibu na sehemu jengo linapovuta hewa, maana inawaka usiku watu wamelala.

Haya, mashine ya muuzaji. Wazo lake ni zuri: hewa inayotoka ni baridi na kavu, inayoingia ni moto na ina mvuke, zikutanishe bila kuzichanganya, ya kutoka ichukue joto la ya kuingia. Ulaya ni lazima kisheria kwenye mashine za njia mbili, zinazoingiza na kutoa hewa, za majengo yasiyo ya makazi, tangu 2018 mashine ya kawaida lazima irudishe angalau asilimia 73 ya joto, zile za mabomba ya maji 68. Dubai nayo majengo mapya yanayohitaji hewa ya nje zaidi ya lita 1,000 kwa sekunde yanatakiwa kupitisha angalau nusu ya hewa inayotoka kwenye mashine kama hizi. Waswahili wanaofanya kazi za AC kule Ghuba wanazijua vizuri.

Lakini zile asilimia ni za joto kavu. Rudi kwenye zile kilojuli 32: nane joto, 24 mvuke. Mashine ya sahani za alumini, hewa mbili zinapishana katikati ya sahani nyembamba, inahamisha joto tu, mvuke haupiti. Asilimia 80 ya nane ni 6.4, yani kwenye 32 umeokoa moja ya tano. Mjini Stockholm mashine hiyo ni dhahabu, Tanga ni boksi kubwa la kelele. Muuzaji hajadanganya, katalogi iliandikiwa watu wanaotetemeka.

Zinazopitisha mvuke pia ni mbili. Kuna sahani za utando maalumu, unaonekana kama karatasi, mvuke unapenya hewa haipenyi. Na kuna gurudumu lililopakwa kemikali ya kunyonya maji, linazunguka nusu yake ikiwa kwenye hewa inayotoka na nusu kwenye inayoingia. Kwa mashine inayorudisha asilimia 60 ya jumla, joto na mvuke pamoja, kwenye hewa ya lita 100 kwa sekunde mchana unaipunguzia AC kama kilowati 2.2 za kazi, umeme kama 0.7, toa umeme wa feni zake mbili kama wati 150. Kwa ofisi ya saa kumi kwa siku ni kama uniti 5 na nusu zinabaki mfukoni. Sasa chukua bei ya mashine na ufungaji wake, gawa, ndo utajua.

Kati ya utando na gurudumu, gurudumu lina uwezo zaidi kwa majengo makubwa ila linavuja. Likipangwa vizuri, feni ziko mahali pake na presha ya hewa safi iko juu kuliko ya chafu, uvujaji ni asilimia moja mbili. Feni zikikaa vibaya hewa chafu inasukumwa kwenye safi kwa kiasi kikubwa zaidi, ndo maana kipindi cha Covid wengi walizima magurudumu yao, hata yale ambayo hayakuwa na tatizo. Kwa vyoo mwongozo wa ASHRAE unaruhusu mchanganyiko wa mashine hizi usizidi asilimia 10, kwa daraja la tatu 5, daraja la nne hairuhusiwi kabisa. Kwa hiyo mafuta ya jikoni hayapiti humo, na kwa uzoefu wa kawaida wa jiko yangeziba utando ndani ya muda mfupi hata kama ingeruhusiwa.

Chumvi ya bahari nayo isisahaulike, alumini isiyopakwa epoksi ukiwa mita mia na bahari inageuka unga. Na filta, hizi mashine filta zake zikiziba hewa haipiti na hakuna anayejua kwa sababu mota bado inasikika. Kwa nyumba ambayo hakuna mtu wa kupanda silingini kila miezi mitatu, usiiweke.

Aina ya mwisho ni koili mbili zinazounganishwa na mabomba ya maji na pampu, moja kwenye hewa inayotoka nyingine kwenye inayoingia, zinaweza kuwa mbali mita thelathini na hewa hazikutani popote. Inarudisha joto tu, siyo mvuke, kwa hiyo kwa umeme wa pwani ni dhaifu, ila kwa maabara na wodi za magonjwa ya kuambukiza ndo pekee ninayoweza kuikubali. Chumba cha kumtenga mgonjwa kwa viwango vya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kinataka hewa ibadilishwe mara 12 kwa saa na kiwe na mvuto kuliko korido, hewa yake inatupwa nje. Na kwa kifua kikuu, kabla ya kununua chochote angalia madirisha. Utafiti wa hospitali za Lima, Peru, uliochapishwa 2007, ulikuta vyumba vyenye madirisha na milango iliyofunguliwa vinabadilisha hewa wastani wa mara 28 kwa saa, na vile vya zamani vyenye dari juu na madirisha makubwa mara 40, wakati vyumba vya mashine vilihesabiwa 12. Zahanati ya kata yenye madirisha pande mbili haihitaji kuuziwa kitu.

Kwa hiyo yule wa ki-guest cha vyumba kumi, kama mabafu yana ukuta wa nje mi ningemwambia feni za ukutani zenye mapezi na taima, upande usiopigwa na kusi, dirisha la bafu lifunguke, jiko litoke peke yake kwa bomba lake la chuma mpaka juu ya paa. Kama mabafu yako katikati ya jengo hayana ukuta wa nje, basi shimo la bati na feni moja ya paani yenye spidi ya kubadilishwa, lita 10 kila bafu. Mashine ya kurudisha ubaridi ningeanza kuifikiria pale ambapo kuna ukumbi au ofisi inayojaa watu mchana kutwa na madirisha hayafunguliwi, na hapo namuuliza muuzaji maswali manne tu: asilimia ya jumla na mvuke ikiwemo ni ngapi kwa nje digrii 32, inavuja asilimia ngapi, koili au gurudumu limepakwa nini dhidi ya chumvi, na filta za akiba zinapatikana Kariakoo au mpaka ziagizwe. Akijibu la kwanza kwa kunisomea tena ile 80, namuomba aniachie katalogi nikasome mwenyewe.